Mitomingi alisimama au alikaa?

Kipindi hakikuwa changu. Nilikuwa nimekaa dawati la mwisho, fomu ya tathmini mapajani, namkagua mwalimu wa mazoezi aliyeletwa kwetu kutoka chuo kikuu. Kidato cha tatu, wanafunzi 78, saa nne kasoro asubuhi. Ubao ulikuwa umejaa mwandiko mzuri: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Kitabu kilikuwa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Walikuwa wamefika pale Mzee Mitomingi anapozitia moto karatasi za sensa, baada ya kujua kilichopita kati ya karani Ngoswe na binti yake Mazoea.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Huwa anakaa mbele kwa sababu ya macho.

"Mwalimu, alipokuwa anachoma zile karatasi, Mitomingi alisimama au alikaa?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu kijana naye akatabasamu, akatazama andalio lake la somo, akafunua ukurasa wa pili, hakuona kitu.

"Hilo halitoki kwenye mtihani," akajibu. Kisha akageukia ubao na kuandika: migogoro ya kinafsi.

Nikajaza fomu. Sauti inasikika. Ubao umepangwa. Muda umetumika vizuri. Yote yalikuwa kweli. Sikuandika kwamba swali zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule limezikwa mbele yangu bila hata sanda, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Simlaumu kijana. Wakati wa mapumziko tulikaa chini ya mwembe, chai na mihogo ya kukaanga mbele yetu, nikamuuliza kama amewahi kucheza tamthilia.

"Kucheza, madam?"

"Haya, kutazama."

Akafikiri. Alipokuwa kidato cha pili walikuja watu na igizo la Ukimwi, akasema, lakini mvua ilinyesha wakaishia katikati. Chuoni amesoma kozi nzima ya tamthilia. Ameandika insha ndefu juu ya Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, akapata alama nzuri. Hajawahi kuisikia hata sentensi moja ya tamthilia hiyo ikitoka mdomoni mwa mtu aliyesimama mbele yake. Na huyu ndiye tunayemtegemea awafundishe watoto wetu tamthilia kwa miaka 30 ijayo.

Ninalo jambo moja la kusema leo. Chuo kikuu chochote kinachomwandaa mwalimu wa Kiswahili kisimpe shahada kabla hajashiriki kuandaa tamthilia moja na kuicheza mbele ya watu. Moja tu. Awe mchezaji, awe mshona maleba, awe mpanga viti, lakini awepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi watazamaji wa mwisho wanapoondoka.

Najua ninachokiomba kwa sababu mimi mwenyewe nilikipata kwa bahati. Niliingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2001 kusomea ualimu, nikaongeza kozi za sanaa za maonyesho kwa kuwa rafiki yangu wa chumbani alikuwa akizichukua. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli karibu na stendi ya Muheza. Nilipomweleza, alinyamaza, akafunga nati mbili tatu, ndipo akauliza, "Yaani mwanangu unakwenda mpaka Mlimani kusomea Kaole?" Wakati huo kundi la Kaole lilikuwa linatamba kwenye ITV, na kwa baba na wateja wake wote, kuigiza maana yake ilikuwa hiyo tu. Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni sehemu ya ualimu, na wakati ule nilidhani nimemdanganya.

Siku ya kwanza tulikuta viti vimerundikwa ukutani. Tukaambiwa tuvue viatu. Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akasema, "Tembeeni." Tukatembea. Nusu saa nzima tunazunguka chumba kama waliopotelewa na ufunguo. Kisha akasema: sasa una ndoo ya maji kichwani. Wasichana tuliokulia Muheza hatukuwa na tatizo na hilo. Kisha akasema: ndoo ni ile ile, lakini njiani umepewa habari kwamba nyumbani kuna msiba.

Chumba kizima kikavaa nyuso za kulia. Mama yule akatikisa kichwa. "Sitazami uso," akasema. "Natazama miguu." Tukaanza upya. Ilituchukua wiki mbili kuelewa kwamba mtu mwenye habari nzito hakanyagi kama jana yake, na kwamba ndoo yenyewe ndiyo inayomzuia asikimbie. Anataka kukimbia, na maji hayataki kumwagika. Mkiona mtu wa namna hiyo anapita njiani, hamhitaji kuambiwa neno. Tangu siku hiyo, nikisoma katika kitabu chochote kwamba fulani "aliingia", najiuliza kwanza aliingia na nini kichwani.

Tulifundishwa pia kutumia sauti. Mtu unalala chali sakafuni, mkono juu ya tumbo, unatamka jina lako hadi mwenzako aliye ukuta wa pili alisikie bila wewe kupiga kelele. Tulicheka sana wakati ule. Leo nafundisha madarasa ya watoto karibu 80, vipindi vitano kwa siku, na wenzangu ofisini ikifika Alhamisi wanazungumza kwa ishara na kunywa tangawizi. Mimi koo langu bado zima. Laiti baba angekuwa hai ningemwambia: hiyo ndiyo Kaole niliyokwenda kuisomea.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni gogo la mkaratusi. Mwaka wa pili tulifanyia kazi Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa 1982. Wanaoifahamu wanakumbuka: wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Mimi kitabu hicho nilikijua kwa kukariri. Nilijua kuwa nguzo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke, kwamba kinachowaangusha ni ukosefu wa umoja, na kwamba ujumbe ni umoja ni nguvu. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia hoja zote na mfano wa kila hoja.

Sikupewa uhusika. Nilipewa nguzo: niitafute, niifunge kamba, nihakikishe haimwangukii mtu. Tukaleta gogo halisi, zito kiasi. Mazoezi ya kwanza, wanawake wanane wakashika. Gogo likapanda hadi usawa wa kifua. Mmoja akaachia kwa sababu zamu yake ya kusema ilikuwa imefika. Wa pili akaachia kumjibu. Mimi niliyekuwa chini ya gogo nikihakikisha usalama nikajikuta nimelibeba peke yangu begani, na alama yake ilikaa wiki nzima.

Pale chini ya gogo ndipo nilipokielewa kitabu nilichokuwa nikikijua. Hakuna aliyeachia kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa na sababu, na ukiisikiliza sababu yake unamwona ana haki. "Ukosefu wa umoja" ni maneno matatu ya kuandika kwenye karatasi ya majibu. Kumbe ukiwa umeshika kamba, ukosefu wa umoja ni rafiki yako, mtu mwema, anayekwambia "subiri kidogo" na kuondoka. Mwandishi aliweka nguzo nzito jukwaani ili watazamaji waone kwa macho yao nani ameachia kwanza na nani amebaki na uzito. Ukiusoma mchezo huo kwa kuukalia kitini, uzito wa nguzo huupati.

Wala Penina Muhando hakuubuni uzito huo akiwa mezani peke yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapotazama jinsi tunavyofundisha. Vitabu vyetu vingi vya tamthilia vimetoka kwa watu wa jukwaani. Idara ya sanaa za maonyesho pale Mlimani ilianzishwa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ebrahim Hussein alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu Kinjeketile ilipotoka, 1969, akiwarudisha Watanzania kwenye Vita vya Maji Maji. Penina Muhando aliandika, akafundisha, akaigiza na kuongoza michezo. Amandina Lihamba alifanya vivyo hivyo. Aliichukua hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali akaifanya mchezo wa Kiswahili, Hawala ya Fedha, na miaka mingi baadaye akaonekana kwenye filamu ya Maangamizi. Semzaba aliyemwandika Ngoswe alikuwa mwalimu wa sanaa hizo hizo pale Mlimani, na alifariki 2016. Hawa hawakuwa na ukuta kati ya kuandika, kufundisha na kucheza. Walichukua utambaji wa hadithi, ngoma, majigambo na vichekesho vya vijijini, wakavipandisha jukwaani, na kitabu kikafuata.

Tena hawakukaa Mlimani wakasubiri watu wapande. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji. Hawakufika na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwasikiliza kwanza watu wakieleza yanayowasumbua, kisha wanakijiji wenyewe wakayatengenezea ngoma na maigizo, wakacheza, na baada ya kucheza wakajadili. Mwaka 1996 likaanza Tuseme, wasichana wa sekondari wakitumia maigizo kusema yanayowazuia kusoma, na mpango huo ukavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Kabla ya hapo, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walikuwa wameshafunga virago wakazunguka Uganda na Kenya na ukumbi wao wa kusafiri, wakicheza bure popote palipopatikana uwanja. Na Bagamoyo chuo cha sanaa kikafunguliwa 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa.

Kwa hiyo tunapompa mwanafunzi wa chuo kikuu tamthilia aisome kimya, aichambue kwa vichwa vya habari vinane, aifunge, tunafanya jambo la ajabu. Tumeichukua ngoma, tukaichuna ngozi, tukaandikia notisi. Halafu tunashangaa haivumi.

Nayajua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa.

La kwanza ni wingi. Madarasa ya vyuo yamejaa, wanafunzi mamia kwa mamia, nani atawapa nafasi ya kuigiza wote? Lakini katika masomo yote ya chuo, hili ndilo pekee ambalo wingi wa watu ni mtaji. Mchezo wenye wahusika kumi unahitaji watu 30. Yupo anayeshika kitabu na kumkumbusha aliyesahau. Yupo wa maleba, yupo wa vifaa, wapo wapiga ngoma, yupo wa taa au wa kuhakikisha jua haliwapigi watazamaji usoni. Yupo wa kwenda kuomba kibali cha uwanja kwa mtendaji wa kata, na huyo hujifunza mengi kuliko wote. Ukumbi wa wanafunzi 300 ni michezo kumi. Wagawe.

La pili ni fedha. Mchezo wetu wa mwaka jana, nitakaousimulia, ulitugharimu shilingi 41,500. Karatasi, mkaa, rangi ya kuchora mlango, na soda za wapiga ngoma ambao bila soda hawakutaka kuelewana nasi. Kanga tuliazima, koti la karani tuliazima, meza ilikuwa ya mwalimu wa taaluma. Kamba hatukununua, huu ni mkoa wa Tanga, ukikosa kamba ya katani basi hujatafuta. Chuo kikuu kisichoweza kupata fedha ya namna hiyo kwa kila kundi kina tatizo kubwa kuliko tamthilia.

La tatu ndilo zito: sisi tunaandaa walimu, wasanii wana vyuo vyao. Hapo huwa nawaelekeza chumba cha pili, maabara. Mwalimu wa kemia si mkemia wa kiwandani, na wengi wa wanafunzi wake hawatakuwa wakemia. Hata hivyo hakuna chuo kitakachompa shahada mtu ambaye hajawahi kushika testi tyubu, akasema ameisoma sana. Mwanafunzi wa kemia anafanya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi wa kilimo ana shamba. Tamthilia, ambayo ni kitendo tangu jina la kwanza la mhusika hadi pazia, ndiyo tumeiacha bila maabara.

La nne ni mtihani. Mgala muue na haki mpe: mtihani unauliza hoja, nami nafundisha hoja. Sitawapeleka watoto wa watu kwenye chumba cha mtihani na kumbukumbu za ndoo. Ila hoja ambayo mtoto ameicheza anaieleza kwa maneno yake, na mifano yake haiishi. Ambayo ameikariri anaieleza kwa maneno yangu, na akisahau neno moja, nyumba yote inaanguka. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la karatasi 78 zenye sentensi ile ile anajua ninachosema.

Na lipo la tano, ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Wazazi wengine hawapendi binti yao apande jukwaani. Hili silibezi. Mama mmoja alinijia ofisini, amejitanda vizuri, akaniambia kwa adabu zote kwamba mwanawe hatacheza "mambo ya mapenzi" mbele za watu. Nilimkaribisha mazoezini. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu akatuletea baibui la zamani akisema lile tulilonalo halimkai vizuri mhusika. Binti yake hakucheza mapenzi; alikuwa mwongozaji. Alikuwa ni yule yule wa dawati la mbele.

Maana baada ya chai ile ya chini ya mwembe sikuweza kuliacha swali lake lilale. Nilimwambia kijana wa mazoezi tuna wiki tano kabla hajarudi chuoni, tucheze Ngoswe. Akasema hajui pa kuanzia. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Nikampa kazi ya kushika kitabu, na binti wa dawati la mbele nikampa uongozaji, kwa kuwa aliyeuliza swali ndiye anayepaswa kuhangaika na jibu.

Ilikuwa msimu wa machungwa. Muheza msimu wa machungwa hauna adabu na ratiba ya mtu. Wiki ya tatu, mvulana aliyekuwa Mitomingi hakuonekana siku mbili, amekwenda na baba yake kupakia lori. Binti akasema mazoezi hayasimami. Akamtazama mwalimu wake. "Mwalimu, wewe kitabu unacho mkononi. Simama badala yake."

Kijana akaingia uwanjani. Akapewa fungu la karatasi, jiko likasogezwa. Akasoma maneno yake, akafika pale pa kuchoma, akasita. Karatasi mkono mmoja, kitabu mkono mwingine. Akatugeukia.

"Sasa hapa nisimame au nikae?"

Kimya. Kisha binti, bila kutabasamu, akamjibu: "Hilo halitoki kwenye mtihani, mwalimu."

Nimefundisha zaidi ya miaka 20. Sijawahi kusikia wanafunzi wakicheka vile, wala mwalimu akicheka nao vile. Walipotulia, binti akasema, "Jaribu yote mawili."

Akajaribu kusimama. Akazitupa karatasi zote motoni kwa mkupuo, amefura, kifua mbele, kama jambazi wa filamu. Ilionekana hasira, na hasira tu. Akajaribu kukaa. Akavuta kigoda, akainama juu ya jiko, akawa anazitia karatasi moja moja, anapuliza makaa, anatia nyingine, kama mtu anayechemsha maji ya chai. Tukanyamaza. Mzee aliyekuwa na nyumba na binti anayemtegemea, sasa amebaki na jiko na karatasi za serikali. Hakuwa na haraka. Hakuna aliyekuja kumzuia. Kijana mwenyewe alipoinuka alikuwa amebadilika sura. "Akikaa," akasema polepole, "ni kama anahesabu na yeye."

Akarudi kwenye kitabu chake akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. Sikuuliza nini.

Tulicheza Ijumaa, baada ya sala, uwanjani, watazamaji kwenye madawati na wengine juu ya ukuta. Walikuja wazazi, wauza machungwa, mafundi bodaboda, na watu ambao hawakujua kuna nini ila waliona watu. Mitomingi wetu alikuwa amesharudi kutoka kwenye lori, mikono yake bado inanuka maganda, na ndoo ya mchanga ilikuwa tayari nyuma ya mlango wa maturubai, maana moto ulikuwa wa kweli. Alipokaa juu ya kigoda na kuitia karatasi ya kwanza, uwanja ulikuwa bado na minong'ono. Ya pili, ya tatu, minong'ono ikakatika. Alipoishika ya nne, mwanamume mmoja akasimama katikati ya watu. Baadaye nilijua alikuwa karani katika sensa ya Agosti 2022, alitembea kitongoji kwa kitongoji na kishikwambi chake.

"Mzee, usichome!" akapiga kelele. "Humo mna watu!"

Nimezipitia notisi zote za kitabu hicho zinazouzwa madukani, na zangu mwenyewe. Hakuna hata moja yenye sentensi hiyo. Zina uzembe, zina athari za mapenzi kazini, zina umuhimu wa takwimu katika mipango ya maendeleo. Yule bwana aliusema umuhimu wa takwimu kwa maneno matatu, na kila mtoto aliyekuwepo anaukumbuka hadi leo. Baada ya mchezo tulibaki uwanjani karibu saa nzima, watu wanabishana: kosa la nani, karani, binti, baba, au waliomtuma kijana peke yake kijijini. Mama wa baibui alikuwa upande wa Mitomingi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa upande wa serikali, kama ilivyotarajiwa.

Ninachowaomba wenye vyuo, basi, ni hiki: muhula mmoja, mchezo mmoja kwa kila kundi la watu 30 hivi, uchezwe nje ya geti la chuo, sokoni, shuleni, au kwenye ofisi ya kijiji, na alama zitolewe kwa kazi yote pamoja na mazungumzo ya baada ya mchezo. Wanaosomea sanaa za maonyesho wawe ndio wasimamizi wa makundi hayo. Wengi wao wanahitimu wakiwa na ujuzi ambao haujapewa kazi. Katika tuliosoma pamoja mmoja yuko redioni, mmoja anaongoza harusi na usiku mmoja wake unaushinda mshahara wangu wa mwezi. Nawaonea fahari. Lakini shule za kata zilizowakosa ni nyingi. Na sasa serikali inahimiza elimu ya amali, kujifunza kwa kutenda. Sioni kwa nini tamthilia iachwe nje ya neno hilo.

Yule kijana amerudi chuoni kumalizia mwaka wake wa mwisho. Amenipigia simu mara moja, akaniuliza tulipata wapi kigoda.

Shule yetu, kwa upande wetu, jibu tunalo: alikaa. Wenzetu wa shule ya jirani waliokuja kutazama wanasema tumekosea, mzee aliyedhulumiwa hawezi kukaa, na wao mwaka huu watamsimamisha. Tumewaambia waje na jiko lao.